Usioshe kwanza ile Mercedes ya papa

Kama ku nyumba yenu kuko gari ya zamani yenye herufi AMG nyuma, ile nyumba ya Ujerumani ya kuongezea Mercedes nguvu na kuzivalisha, na mtu anawaambia itawapa feza mingi, tafazali, mbele ya kuita kijana na ndoo ya maji, ngoja kwanza. Naandika hii juu wiki tatu zilizopita kidogo tu nichelewe. Dada mmoja wa Bel-Air, hapa Lubumbashi, alinipigia telefone asubuhi sana, “yaya, kuya uone gari ya papa yetu, komisionere, ule dalali, amepata mutu wa Ulaya wa kuinunua, anasema njo AMG ya kweli, kesho analeta batu ba kuiosha na kuipiga rangi mupya juu ya foto.” Nikamwambia paka neno moja: musiguse kitu. Hata vumbi musiguse.

Nikafika. Gari iko chini ya muti wa avoka, Mercedes 280 CE, ile kupe ya milango miwili ya familia ya W123, nyeusi, tairi zimelala, vumbi nyekundu ya Lubumbashi imeingia mpaka ndani ya taa. Mbele iko na spoila ya chini, nyuma iko na kamoja kadogo juu ya kofre, janti za AMG zile watu wanaita Penta, volani ndogo, na hata ile chrome yote imepigwa rangi nyeusi. Kwa macho ya mbali ilikuwa imekamilika, na mimi nakiri moyo ulipiga, napenda hizi gari tangu nilipokuwa mtoto, tulikuwa tunakimbia ku barabara kuona moja ikipita.

Lakini kupenda si kupima. Na kupima AMG ya miaka ya 80 ni kazi ngumu kuliko watu wanavyofikiri, nieleze sababu, juu bila hiyo sababu mengine yote hayataeleweka.

AMG ilianzishwa mwaka 1967 na mainjinia wawili waliotoka Daimler-Benz, Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher, herufi ni A na M za majina yao, na G ya Großaspach, kijiji alikozaliwa Aufrecht. Mwaka 1971 walipeleka gari yao nyekundu, 300 SEL ya lita 6.8, gari nzito ya wakubwa, ku mashindano ya saa 24 ya Spa kule Ubelgiji na ikamaliza ya pili, ndipo jina likatoka. Sasa sikia vizuri: miaka hiyo yote AMG haikuwa ya Mercedes. Ilikuwa nyumba ya pembeni. Mkataba wa kufanya kazi pamoja ulikuja 1990, gari ya kwanza waliyotengeneza pamoja, C 36 AMG, ikatoka 1993, na ni 1999 njo DaimlerChrysler wakachukua sehemu kubwa ya kampuni. Kwa hiyo gari ya mwaka 1983 ilitoka ku fabrike ya Mercedes kama Mercedes ya kawaida, na namba ya kawaida, halafu baadaye mwenye gari anaipeleka Affalterbach, muji wa Ujerumani kwenye garaji ya AMG, wafungue moteri, ao ananunua spoila na janti tu wafunge ku garaji ya karibu na kwake, ao anabandika herufi tatu za plastiki anazotoa ku soko. Zote tatu, ukisoma namba ya shasi, zinasema kitu kimoja.

Linganisha na 190 E 2.3-16, ile kichwa cha moteri yake kilichorwa na Cosworth wa Uingereza. Ile ilitoka fabrike hivyo hivyo, namba inaanza na 201.034, kama mtu anakuletea yenye 201.024 ni 190 E ya lita mbili iliyovalishwa nguo ya kaka yake, mazungumzo yanaisha hapo. Evolution II, ile 190 E ya 1990, zilitengenezwa 502 na kila moja iko na namba yake ku kichwa cha levye ya vitesi. Na Alpina, wale wa Buchloe wenye kutengeneza BMW, kuanzia 1983 serikali ya Ujerumani iliwahesabu kama watengenezaji kamili, gari zao zilipata namba inayoanza na WAP. Rahisi. AMG ya zamani haina huo urahisi, njo maana waongo wanaipenda.

Basi tukaanza na namba, juu hata kama haisemi yote lazima ijue kusema yake. Ku W123 namba ya shasi imepigwa ndani ya chuma, ku ukuta wenye kutenganisha moteri na fasi ya kukaa, na kuko plaki ndogo mbele juu ya radiateri yenye namba ya bodi na ya rangi. Nilipangusa na kitambaa kikavu, polepole, fasi ya namba tu. 123.053, ni 280 CE kweli. Halafu ile tarakimu inayofuata: 1 ni volani ya kushoto, 2 ni volani ya kulia. Hapa kwetu hiyo tarakimu ina thamani kubwa, juu gari ngapi zimepita Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa na volani ya kulia halafu zikageuzwa hapa, na ukigeuza unakata ule ukuta, unachoma, unapiga rangi. Hii ilikuwa 1. Ukuta haujachomwa. Vizuri.

Namba ya rangi ku plaki: 904. Nikaganda kidogo. 904 ni bluu ya giza. Gari iko nyeusi.

Tukaomba ile karte ya fabrike, Mercedes wanayo ya kila gari, inaonyesha namba ya moteri, ya gia, rangi na vifaa vyote ilivyoagizwa navyo. Ikaja: bluu 904, moteri 110.984 na namba yake ileile iliyoko ku bloku. Hapo tukajua moteri ni ile iliyozaliwa nayo. AMG kwenye karte? Hakuna, na haikupaswa kuwemo, nimeshaeleza. Komisionere aliposikia hakuna akasema basi hiyo karte haina maana. Hapana tonton. Ina maana kubwa, inatuambia gari ilikuwaje siku ya kwanza, na kila kitu ambacho kiko tofauti leo ni lazima kijieleze: nani alikiweka, lini, wapi.

Rangi njo ilisema mengi kuliko karatasi zote, na hapa naomba mwenye haraka atulie. Kama wale vijana wangekuja kesho yake na karatasi ya msasa, haya yote yangekwenda na maji ku kaniveau.

Nilichukua taa ndogo na wembe, nikalala chini ya parshoke ya mbele. Spoila, upande wa ndani ambao hakuna mtu anaangalia, kulikuwa fasi nyeusi imebanduka, na chini yake bluu. Bluu ileile ya giza yenye iko chini ya tapi ndani ya kofre ambako mpiga rangi hakufika. Maana yake nini? Maana spoila ilikuwa tayari ku gari wakati gari bado bluu. Na familia inajua gari ilipigwa nyeusi hapa Lubumbashi, mama anakumbuka, ni 1994, papa alitaka iwe ya heshima kwa arusi ya mtoto wake wa kwanza. Basi spoila ilifungwa mbele ya 1994, na ilipigwa bluu kwa makini, na matundu ya bulo hayana kutu ya kuchimbwa ovyo. Nyuma, vilevile: nyeusi juu, bluu chini.

Nikaenda ku chrome. AMG walikuwa wanapenda kufunika chrome kwa rangi ya gari, na komisionere alikuwa amesimamia hapo, “angalia, hii haifanyiki paka Affalterbach.” Nikakwangua kidogo sana, nyuma ya mupira wa dirisha ambako haitaonekana. Nyeusi, halafu chrome moja kwa moja inang'aa. Hakuna bluu katikati. Kama Affalterbach walifunika chrome ya gari ya bluu, wangeifunika bluu. Hii ilifunikwa siku ileile ya 1994, na tolie, fundi wa bodi na rangi, wa hapa, ambaye kazi yake kwa kweli ilikuwa nzuri sana, miaka yote hii na haijapasuka. Lakini ni kazi ya Lubumbashi.

Yule dada alikuwa amesimama pembeni anashika taa, akaniuliza, “sasa njo bongo?” Si uongo. Papa hakudanganya mtu, alipenda gari yake ikae hivyo. Uongo unaanza siku unaandika kwenye tangazo kwamba ilifanyiwa Ujerumani.

Na uongo ulikuwa tayari umeandikwa. Siku ya pili komisionere akatoa ku mfuko fakitire, yaani risiti ya AMG kabisa, ya mwaka 1984, iko na nembo, namba ya shasi yetu, orodha ya kazi ya moteri, sahihi na muhuri. Karatasi ya manjano kama ya zamani. Mama alifurahi mpaka akashika kinywa. Mimi niliisoma mara mbili tu. Juu kabisa: Mercedes-AMG. Mwaka 1984 hakukuwa kampuni yenye hilo jina, ilikuwa AMG tu, yenyewe na yenyewe. Halafu anwani: 71563 Affalterbach. Tarakimu tano. Ujerumani walianza kutumia namba za posta za tarakimu tano tarehe 1 Julai 1993, mbele ya hapo Ujerumani ya Magharibi ilikuwa nne. Yule aliyetengeneza hiyo karatasi alichukua anwani ku intaneti ya leo na kuirudisha miaka tisa nyuma ya siku iliyozaliwa.

Sikumpigia kelele. Nilimwambia tonton, hii karatasi irudishe ulikoitoa, ukiituma Ulaya na jina la hii familia wataitwa wezi. Aliikunja akairudisha ku mfuko na hatujaiona tena. Inaniuma mpaka leo, juu familia ile haikuomba uongo, walikuwa na ukweli wao ndani ya nyumba na hakuna mtu aliyewauliza.

Juu mama, baada ya komisionere kwenda, akaingia chumbani na akatoka na gunia la unga. Ndani karatasi. Anasema mwaka 1991, wakati wa piyaji, wakati askari walipora muji, papa alimwambia acha televizyo wachukue, ficha karatasi. Akazifukia ndani ya unga. Tukakaa ku baraza karibu masaa matatu tunafungua moja moja na bado kuko harufu ya muhogo.

Karatasi za dwane (forodha) za 1986: République du Zaïre, Région du Shaba. Na ndivyo inavyotakiwa, juu Katanga iliitwa Shaba kuanzia miaka ya mwanzo ya 70 mpaka 1997. Kama mtu anakuletea karatasi ya serikali ya 1986 iliyoandikwa Province du Katanga, unajua cha kufanya. Halafu karatasi ya mauzo kutoka Liège, papa alikuwa kule Ubelgiji kwa mafunzo ya Gécamines, kampuni ya migodi, na akainunua kwa Mubelgiji aliyekuwa nayo tangu mupya. Na ndani ya hiyo, imekunjwa mara nne, fakitire ya garaji ya Ubelgiji, Machi 1984, jina la yule Mubelgiji wa kwanza, faranga za Kibelgiji, na kwa mkono namba ya shasi imeandikwa yote. Spoila mbele na nyuma AMG, kupiga rangi 904. Janti nne AMG. Resori (springi) nne na amotisere nne. Kazi ya kufunga. Basta.

Hakuna moteri. Hakuna volani. Volani ile ndogo ilikuwa na kibandiko cha AMG juu ya gundi, na mimi sikuipenda tangu mwanzo, basi tuliitosha ku orodha.

Unaona jinsi bluu ile chini ya spoila na lile neno 904 ku fakitire vinashikana mikono? Kimoja kiko ku chuma, kingine kilikaa miaka ndani ya unga, hakuna mtu angeweza kuvipanga viwili. Hiyo njo natafuta kila siku, vitu viwili visivyojuana vinavyosema neno moja. Karatasi peke yake inaweza kutengenezwa, piese peke yake inaweza kununuliwa.

Zikabaki resori, juu gari ilikuwa imesimama juu kama gari ya kawaida, na resori za AMG zinaishusha. Mama akasema aulizwe muzee wa Katuba, yule mekanisie wa papa. Tukamfuata. Muzee ana miaka mingi lakini akili iko wazi, nilimsalimia, nikakaa, akaniambia mwenyewe mbele sijauliza, “ile gari ilikuwa inalala chini kama nyoka, kila dodane, ile tuta ya barabara, tumbo inagonga, papa akasema muzee, tosha hizi bintu, weka za kawaida, mi niko na barabara ya Kipushi kila siku.” Resori zenyewe aliziuza chuma. Sawa. Tuliandika: zilikuwepo, zimetoshwa Lubumbashi, zimeuzwa.

Muzee alikubali kuja Bel-Air afungue kifuniko cha moteri. Ile M110 ni silinda sita na kamu mbili, nguvu farasi 185 ikitoka fabrike. Namba zilizopigwa ku kamu ni zile za kitabu cha Mercedes. Moteri ya kawaida, na nzima kabisa ndani, muzee alipitisha kidole akanionyesha mafuta, hakuna tope. Konteri ya VDO, ile saa ya mwendo, tuliitosha pia, nyuma ina mwezi na mwaka wa 1983, inapatana na gari. Hapo sikukaa sana.

Jioni komisionere alirudi, akanionyesha ku telefone bei za ile Hammer, ile 300 E waliyoiwekea V8 ya valvu 32 mwaka 1986, anasema niwaachie watu waamini. Nilimjibu mbele ya mama: gari hii ni 280 CE ya 1983, namba na moteri zinapatana, ilivalishwa vifaa vya AMG Ubelgiji mwaka 1984 na fakitire iko, ikapigwa nyeusi pamoja na chrome Lubumbashi mwaka 1994. Ni sentensi nzuri. Mnunuzi mwenye kujua atailipia vizuri kuliko hadithi, juu hadithi ataipima siku gari inafika bandarini na hapo mtamrudishia nini. Na mnunuzi asiyejua, mbona tumwibie? Dada akaandika ile sentensi ku daftari ya shule ya mtoto wake kwa herufi kubwa na akatuma foto yake Ulaya palepale, bila kuniuliza. Jibu likaja usiku: anataka foto za nyuma ya janti zote nne.

Alikuwa mtu mwenye kujua, basi.

Nyuma ya janti ya Kijerumani kuna kitabu kizima: upana, ET (janti inakaa ndani ao inje kiasi gani), tarehe ya kumiminwa, na namba ya KBA ambayo inatolewa na ofisi ya magari ya Ujerumani. Hapo ndipo nilikubali maji, maji na burashi laini, upande wa ndani tu. Tatu zilikuwa sawasawa, mwaka 83, KBA ileile. Ya nne, mbele kulia, ilikuwa laini. Hakuna KBA, hakuna tarehe, chuma kizito kidogo. Kopi.

Dada akanyamaza. Mi nikampigia muzee. Akacheka polepole ku telefone, “aaah, ile. Ilipasuka ku shimo ya barabara ya Kipushi, papa akaleta ingine kutoka Kinshasa. Ile ya kwanza iko hapa kwangu.”

Iko kwake kweli. Nyuma ya nyumba, imelala chini, juu yake pipa la maji la wajukuu. Tulimimina maji ku ndoo za majirani, wanne tukasogeza pipa, nikageuza janti na nikapangusa udongo kwa kidole. Ufa mmoja kutoka ukingo mpaka katikati. Mwaka 83. KBA ileile. Muzee hakutaka feza, aliomba tu tumletee matofali manne ya kuweka pipa lake, na jumamosi dada aliyaleta.